Je, Ni Haki Kumfungia Mzee Mlango Usiku?



Liko swali moja ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada, wakiwa wamesimama pembeni. Haliulizwi mbele ya watu kwa sababu lina aibu ndani yake. Swali lenyewe ni hili: mama yetu amezeeka, akili yake imechoka, na kila usiku ifikapo saa nane huamka, hufungua mlango na kutoka. Mchana hutufahamu kidogo. Usiku hatujui kabisa. Je, tukimfungia mlango kwa nje, ili yeye alale na sisi tulale, tumemtendea wema au tumemkosea?

Tumeona yafaa kulileta swali hili hadharani katika gazeti letu, kwa maana jambo linalonong'onwa halipati jibu. Hatukusudii kumhukumu mtu. Sisi tulioishi na chaki mkononi tulizoea kuwaambia wanachuo wetu kwamba hesabu ngumu haitatuliwi kwa kuikasirikia. Kwanza hujua kilichotolewa, kisha hupima njia zote mbili, ndipo huandika jibu. Basi na tufanye hivyo hapa.

Ni maradhi, si laana

Wazee wetu wa zamani waliyaona maradhi haya, wakasema mtu "amerudi utotoni". Msemo huo una huruma, lakini hauelezi yote. Mwaka 1906 tabibu Mjerumani aitwaye Alois Alzheimer aliwaeleza matabibu wenzake habari za mwanamke mmoja aliyepoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa. Alipokufa, ubongo wake ulipimwa, ukakutwa umesinyaa na kuharibika kwa namna isiyo ya kawaida. Leo yajulikana kwamba usahaulifu wa jinsi hii, ambao matabibu huuita demensia, ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ilivyo ugonjwa wa kifua. Uko wa namna mbalimbali. Mmoja ni huo wa Alzheimer. Mwingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, jambo ambalo mara nyingi huletwa na shinikizo la damu lisilotibiwa.

Tena tusidhani ni maradhi ya Wazungu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wenye miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba wazee zaidi ya 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Tukichukua hesabu hiyo kuwa kipimo chetu pia, basi kijiji cha Mbozi, Momba au Ileje chenye wazee mia moja wa umri huo kina nyumba sita ambazo hazilali vizuri. Nyumba hizo hazisemi kitu. Ndiyo maana kila moja hudhani iko peke yake.

Kwa nini usiku?

Sisi tusemao Kiswahili tunahesabu saa kwa jua. Jua likisha kuchomoza twaanza saa moja ya mchana. Likisha kutua twaanza saa moja ya usiku. Mwili wa mwanadamu nao una saa yake, nayo huongozwa na jua vivyo hivyo. Ndani ya ubongo iko sehemu ndogo ipokeayo habari za nuru kutoka machoni, na kuuambia mwili sasa ni wakati wa kuwa macho, sasa ni wakati wa kulala. Ugonjwa huu huiharibu sehemu hiyo. Zaidi ya hayo, jicho la mzee lenye mtoto wa jicho huingiza nuru kidogo tu. Hivyo saa ya mzee hukosa mtu wa kuijaza ufunguo, ikaenda ovyo.

Hapa ndipo sisi wenyewe hukosea pasipo kujua. Mzee aliyechanganyikiwa huwekwa chumba cha ndani mchana kutwa, ili wageni wasimwone wala wasisikie maneno yake. Chumba kina dirisha dogo, na pazia limeshushwa. Husinzia pale tangu asubuhi hata jioni, kisha twashangaa kwamba usiku hana usingizi! Usingizi wake ameshautumia. Usiku wa mzee huanza kuharibika mchana.

Jua linapokaribia kutua, wagonjwa wengi huanza kuhangaika. Vivuli huwa virefu, na nguo iliyotundikwa ukutani huonekana kama mtu aliyesimama. Kioo huonyesha uso wa mzee ambaye yeye hamtambui. Kisha lala yake hukatizwa na mambo ambayo yeyote kati yetu yangemwamsha: haja ndogo, njaa, baridi, maumivu ya mifupa, kelele. Sisi tukiamka kwa haja twajua choo kiko upande gani. Yeye huamka mahali ambapo ni kama hajapata kufika.

Tena lipo jambo jingine ambalo ni rahisi kulisahau. Mtu huyu hatembei ovyo kama tunavyodhani. Mama aliyelea watoto wanane huko Mbozi miaka ya sitini alikuwa akiamka jogoo wa kwanza kwenda kuteka maji, kabla ya kwenda shambani kwenye kahawa. Baba aliyefanya kazi ya reli ya TAZARA tangu ilipoanza kazi mwaka 1976 alijua kwamba honi ikilia yampasa awe amevaa. Sasa kumbukumbu za jana zimefutika, lakini zile za miaka hamsini iliyopita zimebaki. Basi saa nane za usiku huyu anakwenda kisimani na yule anakwenda zamu. Miguu yao inatii wajibu wa zamani. Tukiwaita wakorofi, twawaonea.

Hoja ya kufuli

Sasa tupime hoja. Wanaofunga mlango wana hoja yenye uzito, nasi hatuna budi kuisikiliza.

Mji wa Tunduma haulali. Barabara kuu iendayo Zambia hupita katikati yake, na malori hupanga foleni usiku na mchana yakingoja kuvuka kwenda Nakonde. Mzee atokaye nje saa nane hukutana na taa kali machoni na ngurumo za injini. Huku milimani baridi ya mwezi Juni na Julai yaweza kumwua mtu aliyevaa shuka moja. Yako mashimo, yako mito, wako mbwa.

Lakini iko hatari mbaya kuliko zote hizo, nayo ni sisi wanadamu. Bibi akikutwa alfajiri amesimama uani kwa jirani, hana nguo, wala hajui amefikaje pale, mara nyingi haulizwi kama ni mgonjwa. Watu husema ameanguka na ungo. Mtoto wa nyumba ile akiwa na homa wiki ile, basi ushahidi umekamilika. Nchi yetu inayo historia chungu katika jambo hili. Kadiri ya hesabu zilizoandikwa na mwanachuoni Simeon Mesaki, kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania kwa kushukiwa uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani, ambako macho mekundu ya bibi aliyepikia kwenye moshi maisha yake yote yalitosha kumtia hatiani. Mauaji ya namna hiyo yameendelea katika miaka iliyofuata, wala si huko peke yake. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, nayo hukataza hata kumtaja mtu kuwa mchawi kwa chuki. Lakini sheria haikeshi uani.

Kwa hiyo binti anayetia kufuli hafanyi hivyo kwa ukatili kila mara. Pengine anamlinda mama yake na majirani zake. Asiyejua hofu hiyo asiharakishe kumlaumu.

Hoja ya kukataa kufuli

Upande wa pili nao una hoja. Mlango uliofungwa kwa nje hauulizi nani yuko ndani wakati nyumba inapowaka moto. Koroboi ikianguka, au jiko la mkaa lililoingizwa chumbani kwa ajili ya baridi likitoa ile hewa yake ya sumu isiyo na harufu, aliye ndani hana pa kutokea.

Tena fikirini kufungiwa kwenyewe kulivyo. Mfungwa aliyehukumiwa anajua kosa lake na siku yake ya kutoka. Mzee huyu hajui lolote katika hayo mawili. Na kwa kuwa hasahau mara moja tu, kila anapoamka na kuukuta mlango haufunguki, ni mara ya kwanza kwake. Hofu yake haizoeleki. Aweza kufungiwa mara tano katika usiku mmoja, kwa kufuli lile lile moja.

Wengine, badala ya mlango, humfunga mzee mguu kwa kanga kwenye kitanda. Yafaa tuseme wazi: jambo hilo huongeza madhara. Aliyefungwa huvutana na kamba, huchubuka, huanguka akiwa amening'inia, na fadhaa yake huzidi. Wengine tena hununua vidonge vya usingizi dukani. Vidonge hivyo humfanya mzee alegee miguu na kuanguka, na asubuhi akili yake huwa nzito zaidi. Hata zile dawa za wagonjwa wa akili ambazo matabibu wa nchi tajiri walizoea kuwapa wazee hawa ili watulie, mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba zinaongeza vifo miongoni mwao. Dawa ni kazi ya tabibu, tena tabibu mwenye uangalifu.

Mwenye ufunguo analala wapi?

Basi tufanyeje? Ukiacha wazi, barabara itamchukua. Ukifunga, umemfanya mfungwa. Sisi twaona kwamba swali limeulizwa vibaya, ndiyo maana jibu halipatikani. Watu wengi katika miji yetu hufunga milango usiku. Baba mwenye nyumba hufunga kwa komeo, na watoto wote wako ndani, wala hakuna asemaye kwamba watoto wamefungwa gerezani. Kwa nini? Kwa sababu aliyefunga yuko ndani pamoja nao. Moto ukitokea ni wake pia. Mtoto akilia, yeye ndiye atakayesikia.

Kwa hiyo kipimo tunachokipendekeza ni hiki: mwenye ufunguo analala wapi? Akilala ndani, upande ule ule wa mlango alipo mzee, kufuli hilo ni ulinzi. Akilala upande mwingine, kufuli hilo ni la kumtupa mtu, hata kama nia ilikuwa njema. Mlango na ufungwe, lakini tufungiwe pamoja naye.

Twajua jibu hili si jepesi, maana linamtaka mtu mmoja alale karibu na mzee, aamke aamkapo. Tutalirudia jambo hilo.

"Lakini asubuhi hatakumbuka"

Kabla ya hapo yatupasa kujibu neno moja ambalo husemwa sana. Watu husema: "Kuna faida gani? Ukimtendea mema usiku kucha, asubuhi hakumbuki. Ukimkaripia, asubuhi hakumbuki pia."

Neno hili laonekana kuwa na busara, lakini tulipime. Mtu akiibiwa fedha akiwa usingizini, wala asijue kamwe kwamba aliibiwa, je, hakuibiwa? Ameibiwa. Ubaya wa tendo haungoji kumbukumbu ya aliyetendewa. Na wema ni vivyo hivyo.

Tena hata mwili wenyewe unalipinga neno hilo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer sinema za kuhuzunisha na nyingine za kufurahisha. Baada ya dakika chache wengi walikuwa wamesahau walichokiona, lakini huzuni na furaha zenyewe zilibaki ndani yao. Maana yake ni kwamba ukimkaripia mzee saa nane, saa tisa atakuwa amesahau maneno yako, bali hofu itakuwa ingali imekaa kifuani, naye hajui imetoka wapi. Ndiyo maana hutanga tena. Na ukimtuliza, utulivu hubaki baada ya jina lako kupotea.

Na sisi je? Ni nani kati yetu anayekumbuka usiku hata mmoja wa mwaka wake wa kwanza? Twajua kwa akili tu kwamba kuna mtu aliyeamka tulipolia, akatubadili nguo, akatutembeza gizani hata tukalala. Hatukumshukuru, wala hatukumjua jina. Kama wema usiokumbukwa ni kazi bure, basi mama zetu walifanya kazi bure, na sisi tusingalikuwapo kulijadili jambo hili. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuwekewa kikomo cha umri, wala haikuwekewa sharti kwamba wao nao watutambue.

Mambo ya kutengeneza

Sasa tuje kwenye matendo. Usiku waweza kutengenezwa, na sehemu kubwa haihitaji fedha nyingi.

Kwanza, mchana. Mtoeni mzee nje asubuhi, akae juani kibarazani, atembee kidogo, achambue maharage au apukuchue mahindi. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo kutoka nyumba 12 za wazee, ambako waliongeza taa kali sana mchana. Wagonjwa wakapungukiwa kidogo na huzuni, na akili zao zikadhoofu polepole zaidi. Wao walinunua taa. Sisi tunalo jua la bure kila asubuhi, nasi tunamfungia mzee ndani!

Pili, mwanga wa usiku. Giza totoro humtia hofu, na taa kali humfanya adhani kumekucha. Taa ndogo ya sola iliyowekwa chini, karibu na sakafu, imulike njia ya kwenda mahali pa haja, yatosha. Koroboi isitumike, wala jiko la mkaa lisilale chumbani; baridi na iondolewe kwa blanketi na soksi.

Tatu, haja ndogo. Katika nyumba nyingi choo kiko nje, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mlango kufunguliwa. Wekeni ndoo yenye mfuniko au kiti chenye tundu karibu na kitanda, mahali pale pale kila siku. Chai na uji mwingi vinywewe mapema, lakini mzee asinyimwe maji mchana.

Nne, chumba. Kitanda kiwe cha chini. Ondoeni vigoda, sufuria na kamba njiani. Kioo kifunikwe, na nguo zisitundikwe mbele ya kitanda. Vitu alivyovizoea, kama kanga yake ya zamani, fimbo yake au kitabu chake cha nyimbo, viwe karibu na mkono wake. Redio na televisheni vizimwe mapema.

Tano, maneno. Mzee mgonjwa akiamka, asikaripiwe wala asihojiwe kama mwizi. Aanze kusalimiwa, kwa maana salamu hukaa moyoni kuliko mambo mengine mengi. Tazameni mfano huu:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi waenda wapi saa hizi?"

"Kisimani. Hakuna maji humu."

"Maji yapo, bibi, nimeteka jioni. Njoo uone ndoo."

Kijana huyu hakumdanganya bibi yake. Alikwisha kuijaza ndoo jioni na kuiweka karibu na mlango, maana alijua swali litakuja. Bibi akaona wajibu wake umetimizwa, akakaa. Na akimwulizia mume wake aliyekwisha kufariki, hakuna haja ya kumfisha tena kila usiku, wala ya kusema anakuja sasa hivi. Yatosha kusema, "Babu hayupo hapa usiku huu. Hebu nieleze habari zake." Tena wagonjwa wengi hurudi kwenye lugha ya utotoni, Kiswahili huwatoka, kikabaki Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali. Awepo karibu mtu aijuaye lugha hiyo, hata kwa maneno machache.

Sita, majirani. Ugonjwa ukifichwa, uvumi hujaza pengo. Mwenyekiti wa mtaa aelezwe, nyumba za jirani zielezwe, na vijana wa bodaboda na walinzi wa usiku waonyeshwe sura ya mzee na nyumba yake. Bibi anayejulikana kuwa mgonjwa akikutwa uani, ataletwa nyumbani ameshikwa mkono. Yule aliyefichwa chumba cha ndani ndiye atakayesemwa ameanguka na ungo.

Na jambo la saba, la haraka. Mzee aliyekuwa mzima akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, msingoje wala msiseme ni uzee. Yaweza kuwa malaria, homa ya mapafu, ugonjwa wa njia ya mkojo, au dawa alizomeza. Mpelekeni hospitali, wengi hupona.

Nyumba za wazee

Hapa kwetu walio wengi huzeekea nyumbani. Serikali inayo makazi ya wazee wasio na wa kuwatunza, kama vile Nunge huko Kigamboni, Kolandoto huko Shinyanga, Bukumbi huko Mwanza na Njoro huko Moshi. Unguja wanazo nyumba za Sebleni na Welezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyaweka makazi ya namna hii kuwa njia ya mwisho, baada ya familia na jamii. Lakini watoto wetu wametawanyika Mbeya, Dar es Salaam na Lusaka, na tusishangae siku moja nyumba hizi zikiwa nyingi.

Ikiwa hivyo, yafaa tujifunze mapema kutoka kwa waliotutangulia. Mwaka 2008 huko Uskoti watafiti Diana Kerr, Heather Wilkinson na Colm Cunningham walitoa taarifa yao juu ya usiku katika nyumba za wazee. Waliona kwamba kelele na taa za usiku ziliwaamsha wazee, na kwamba hata ukaguzi wa kila mara, uliokusudiwa usalama wao, uliwakatiza usingizi. Tena wafanyakazi wa usiku walipata mafunzo na usimamizi mdogo kuliko wenzao wa mchana, na wakubwa wa nyumba hawakufika usiku mara nyingi. Nyumba nzuri mchana ilikuwa nyingine kabisa baada ya saa sita. Basi atakayetaka kujua kama nyumba ya wazee ni njema, na aulize habari za usiku: ni wangapi wanaokesha, na mzee akiamka hukuta nini, mkono au komeo?

Naye anayekesha?

Tumesema mwenye ufunguo alale ndani. Lakini ni nani huyo? Katika nyumba zetu kwa kawaida ni mwanamke mmoja: binti asiyeolewa, au mkamwana, au mjukuu wa kike ambaye kesho ana shule. Kaka zake hutuma fedha mwisho wa mwezi na kupiga simu kuuliza, "Mama hajambo?" Huambiwa hajambo, nao hulala. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwanamke huyo asipolala miezi sita, ndipo siku moja huenda dukani kununua kufuli. Nasi tukilisikia kufuli hilo, twamhukumu yeye.

Ndugu wasomaji, twaona hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko lile la kufuli. Kufuli mara nyingi ni kilio cha mtu aliyeachwa peke yake. Anayeuliza kama ni haki kumfungia mzee, na aulize pia kama ni haki watoto watano walale na mmoja akeshe. Fedha hununua blanketi na taa. Hazinunui usingizi wa dada yako. Usingizi wake hurudishwa na mtu mwingine anayekubali kuamka mahali pake.

Basi familia na zipange zamu, na kila mtoto apewe usiku wake au majuma yake ya kuja. Na pale ambapo hakuna ndugu wa karibu, akina mama wa Umoja na vijana wetu waweza kuitoa usiku mmoja kwa juma, mtu mmoja au wawili, wakalale katika nyumba hiyo ili mwenye nyumba apumzike. Wengi wetu wastaafu twaamka saa tisa kwa desturi, hata tusipotaka. Usingizi wetu umekwisha kupungua, na saa hizo twazitumia kugeuka-geuka kitandani. Hatuoni kwa nini tusigeuke katika nyumba ambamo kugeuka kwetu kutamfaa mtu.

Atakayekuwa tayari na aandike jina lake kwa katibu wa mtaa, aseme na usiku anaouweza. Nyumba zenye haja hiyo nazo zisione haya kusema. Tutaanza na hizo zilizo karibu na barabara kuu.